Mahali na Mahari

Pasiansi, Mwanza
11 Julai 1993

Binti yangu Dorcas,

Amani ya Bwana ikukute wewe, mkwe wangu Muganyizi, na wajukuu wangu Noela na Longino. Mimi baba yako ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hayajapatana nami tangu masika. Naomba uniwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Nilikuwa na karatasi sina la kusema; sasa ninalo, na karatasi imebaki hii moja.

Kile kiwanda cha chapa cha misheni, nilikopanga herufi tangu ujana hadi kustaafu, kimeletewa kompyuta. Herufi zetu za risasi zimeuzwa kwa wavuvi wa sangara, nao wameziyeyusha wakatengeneza chubwi za kuzamishia nyavu. Kwa hiyo maneno yote niliyowahi kuyapanga kwa vidole vyangu yako chini ya ziwa. Silalamiki. Huenda samaki nao walikuwa na haja ya kusoma.

Madhumuni ya kukuandikia ni haya. Kanisa letu linapeleka watu Kenya kwa safari ya uinjilisti, kwenye kijiji kimoja nje ya mji wa Homa Bay. Mchungaji ameniomba niende nao, nitoe neno la faraja kwa wafiwa, kwa kuwa mimi nami ni mfiwa tangu mama yako Suzana atutoke. Nimeona haya kukataa.

Lakini wewe unaijua aibu ya ulimi wangu. Kidole changu kilikijua chumba cha l na chumba cha r katika sanduku la herufi hata taa ikizimika. Mdomoni ni kinyume: sisi tuliokulia Kisesa na Kisukuma chetu, r hutukimbia, na barabara huwa balabala. Hapa Mwanza tunasitiriana. Ng'ambo je? Wewe ni mwalimu. Nielekeze, tafadhali, na unisamehe kwa kukusumbua wakati wa likizo.

Ni mimi baba yako,
Nathaniel Machibya


Kamachumu, Muleba
1 Agosti 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Muganyizi anakusalimu, na watoto wanakuamkia. Longino ameng'oka jino la mbele, kwa hiyo kwa sasa hata yeye hawezi kukucheka. Kahawa tumeanika. Watu wanasema wanunuzi binafsi watakuja kuchukua nafasi ya chama cha ushirika. Kila mtu ana maoni, mwenye uhakika hayupo.

Nenda, Baba. Usiogope. Unakumbuka Mama alivyokuwa akikuambia uagize "mchele robo", wewe ukasema "mchere lobo", akacheka mpaka akakaa chini? Hakuna aliyekufa siku ile. Shauri langu kama mwalimu ni dogo: kila neno ulilo na shaka nalo, kaza ulimi uweke r. Ninyi Wasukuma wa zamani kosa lenu ni kuweka l mno, basi ukielemea upande wa pili utakuwa umesimama katikati.

Chukua sweta ya bluu. Mama angekuambia hivyo, na mimi namsemea.

Binti yako,
Dorcas


Pasiansi, Mwanza
5 Septemba 1993

Binti yangu Dorcas,

Tumerudi salama, twashukuru. Sweta ilinifaa mno, hasa pale mpakani Sirari tulipongoja hati za kuvukia hadi baridi ikatuingia. Magoti yalisafiri vizuri kuliko nilivyotazamia. Wasalimu wote hapo, na Longino mwambie jino litaota, lake si kama yangu.

Nimepatwa na jambo ambalo naomba nikueleze mwenyewe kabla hujalisikia kwa mzee mwenzangu wa kanisa, Shimba. Nasema kabla, ingawa naambiwa limekwisha fika dukani kwake Mabatini na wateja wanalipata bure pamoja na sukari.

Siku ya zamu yangu kanisa lilijaa hata watu wakakaa madirishani. Kwa kuwa wengi wao hawasikii Kiswahili vizuri, nilipewa mkalimani wa kuyageuza maneno yangu katika Kijaluo: mama mmoja mtumishi wa kanisa, umri wake haupishani sana na wangu, mrefu, anachechemea mguu mmoja tangu utotoni. Jina lake Turfosa. Kuliandika si taabu. Kulitamka ni habari nyingine.

Nilikuwa nimekusudia kuwaambia wajane kwamba Bwana ametangulia kutuandalia mahali. Nilipolikaribia neno lile nikaingiwa na shaka, nikalikumbuka shauri lako, nikakaza ulimi. Nikawanyooshea mkono akina mama waliokaa mbele nikasema kwa sauti kuu: "Msilie, akina mama! Bwana ametangulia kuwaandalia mahari!"

Mama Turfosa akanigeukia. Akanitazama. Nikadhani hakunisikia, nikarudia kwa r yenye nguvu zaidi. Ndipo akawageukia watu, akatafsiri.

Dorcas, kanisa lile lilianguka kicheko. Mzee mmoja akasimama kule nyuma akapaza sauti kwa Kiswahili: "Mgeni wetu! Ng'ombe wako wapi? Umewafunga nje?" Mama mwingine akadakia, "Na hawa wanaume wetu wameandaliwa nini? Wasije wakarudi nyumbani na wivu!" Shimba alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika. Alipopata pumzi akaninong'oneza: "Machibya, umeiposa Kenya nzima. Kisesa hakutabaki hata ndama."

Nilimaliza hivyohivyo. Baada ya ibada nilimfuata yule mkalimani jikoni kwao, alikokuwa akisimamia ugali wa wageni, nikamtaka radhi.

"Mama Tulufosa," nikaanza.

"Turfosa."

"Ndivyo nilivyosema."

"Sivyo, mzee. Lakini acha. Hilo nalo ni jina."

Nikamwuliza kama alitambua kwamba nimekosea. Akasema alitambua mara ya kwanza, na mara ya pili akatambua zaidi. Nikamwuliza kwa nini basi hakunisitiri, maana mkalimani mwema huweza kumvusha mtu. Akaendelea kusonga ugali. Kisha akasema: "Yule aliyekuuliza ng'ombe wako wapi ni kaka yangu mkubwa. Nimekaa katika boma lake maisha yangu yote. Kwa sababu ya mguu huu hakuna aliyekuja kuniuliza. Neno lile halijapata kutajwa mbele yake likiwa linanihusu. Uliponipa, nikaona, wacha nilitamke mara moja, mbele ya watu, kwa kinywa changu."

Unajua desturi yangu; nikaomba radhi. Akacheka. "Sasa hii ni ya nini?"

Ndipo akanieleza. Kwao binti asiyeolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Hutolewa nje ya ua. "Kaka zangu wananipenda," akasema, "lakini mila ni mila. Hata sehemu yenyewe naijua, nje ya ua wa minyaa, pale mbuzi wanapopita. Kwetu mwanamke asiye na mahari hana mahali. Kwa hiyo wewe hukukosea, mzee. Umeyasema yote mawili kwa neno moja."

Nimepanga maneno kwa miaka mingi, binti yangu, na nimesahihisha ya watu wengi. Hili sikujua nilishike wapi. Samahani kwa barua ndefu; nimelazimika kununua karatasi.

Baba yako,
N. Machibya


Kamachumu, Muleba
26 Septemba 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka hadi Muganyizi akaja kuuliza kuna nini. Nilipomsomea ya ng'ombe waliofungwa nje, na yeye akakaa chini kwa kicheko. Kosa ni langu, nakiri. Wanafunzi wangu wasisikie mwalimu wao alimwambia nini baba yake.

Mzee Shimba hajambo? Sweta umeifua kwa maji ya baridi? Magoti uyapake ile dawa niliyokutumia, wala usiiweke tu dirishani.

Krismasi tunatarajia kupanda meli, sote. Ningependa twende Kisesa tukalitazame kaburi la Mama. Namkumbuka sana siku hizi. Ulipoligandamizia jina lake kwenye saruji mbichi kwa zile herufi za mbao za kiwandani, nilisimama nyuma yako. Uliacha nafasi ubavuni mwake, na hukusema ni ya nini, nasi hatukuuliza. Huwa nafarijika nikiifikiria ile nafasi.

Binti yako,
Dorcas


Pasiansi, Mwanza
24 Oktoba 1993

Binti yangu Dorcas,

Neema iwe nanyi nyote. Huku joto limeanza, na upepo ukitoka upande wa viwanda vya samaki tunafunga madirisha. Dawa ya magoti nimeipaka. Kwa siku chache za mwanzo ilikuwa dirishani, sitakudanganya.

Katika barua yako uliuliza habari za Shimba, za sweta na za magoti. Hukuuliza habari za mkalimani. Wewe ni binti wa mama yako. Naye alikuwa akinyamaza hasa pale alipokwisha kuelewa. Kwa hiyo nadhani umeelewa, na ni haki yako nilitamke mwenyewe, nisikuachie kazi ya kukisia.

Nilimwandikia Mama Turfosa barua ya shukrani. Akajibu. Nikajibu jibu lake. Sasa tunaandikiana. Ananieleza habari za kuku wa kanisa, za wagonjwa anaowatembelea, na za kaka yake, ambaye hadi leo akikutana naye mlangoni humwuliza, "Wale ng'ombe wa Tanzania wamefika Sirari?" Anasema zamani mzaha huo ungemwumiza. Sasa humjibu, "Wanakula majani njiani."

Ningetaka kumwoa, Dorcas. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kwenye karatasi nyingine kabla ya kuithubutu hapa.

Utafikiri ni huruma. Nilipenda iwe huruma, ingekuwa rahisi kuieleza kanisani. Lakini huruma haimfanyi mzee kunyoa ndevu siku ya kwenda posta. Nyumba hii ina kimya ambacho redio hukichokoza tu. Nakula nikiwa nimesimama. Na yeye akiniandikia, nasoma nikiwa nimekaa.

Sitaki kukuficha lolote: nikimwoa, hatazikwa nje ya minyaa. Atakuwa wa kwetu, na wa kwetu huzikwa Kisesa. Najua maana ya jambo hilo kwako, hasa baada ya ulivyoniandikia juu ya ile nafasi. Sikuombi umwite mama. Nilikwenda kwa shangazi yako Evelina kuwatazama ng'ombe wangu wachache anaonitunzia, lakini sikumweleza neno. Nimeona wewe utangulie.

Bila ridhaa yako sitakwenda Homa Bay, wala sitakulaumu. Unisamehe kwa kukutwika mzigo usio wa umri wako.

Baba yako,
N. Machibya


Pasiansi, Mwanza
28 Desemba 1993

Binti yangu Dorcas,

Nawatakieni baraka za sikukuu hii na mwaka unaokuja. Niliteremka bandarini kuipokea meli iliyotangulia Krismasi, nikidhani labda barua yenu ya kuthibitisha safari imepotea. Nilingoja hadi abiria wa mwisho ashuke. Shimba alinialika kwake, tukala pilau, hakunitania hata mara moja, nikajua uso wangu hauko sawa.

Posta siku hizi si ya kutegemea. Lakini ikiwa kimya chako ndicho jibu, binti yangu, nimelipokea bila manung'uniko. Nimemwandikia Mama Turfosa asiwe na matumaini upande huu. Barua hiyo bado iko mezani. Nitaipeleka posta wiki ijayo, mvua ikipungua.

Wabusu watoto.

Baba yako,
N. Machibya


Kamachumu, Muleba
9 Januari 1994

Baba yangu,

Shikamoo. Usiipeleke barua ile posta. Natanguliza hilo kabla ya salamu, nitasalimu baadaye.

Ile meli uliyoiteremkia, mimi nilikuwa nimeshuka katika ile iliyoitangulia. Peke yangu. Nilipita mjini, nikapanda gari la Kisesa, nikarudi Bukoba bila kugonga mlango wa Pasiansi. Sijawahi kukutendea hivyo maishani, na wewe ulikuwa umesimama bandarini unaningoja. Nisamehe, Baba. Sikuweza kukutazama usoni nikiwa na neno nililokuja nalo, na neno lenyewe lilikuwa hapana.

Nilikwenda kulisema kwanza kwa Mama. Shangazi Evelina alinikuta pale kaburini nimekaa chini na nguo zangu za safari.

"Unalia nini wewe? Mama yako hakufa leo."

"Shangazi, Baba anataka kuoa."

"Hilo nalo ni la kunieleza? Alikuja hapa akazunguka zizi kama daktari wa mifugo. Nikamwuliza, Nathaniel, unatafuta nini? Akaniomba radhi. Baba yako akimkanyaga kuku humtaka radhi kuku. Mtu wa namna hiyo akija kutazama ng'ombe wake bila kusema, basi ni mke."

Nikamweleza yote: mguu, minyaa, pale mbuzi wanapopita. Nikamwambia kwamba mwanamke yule anatafuta mahali pa kuzikwa, na mahali penyewe ni pa Mama.

Shangazi akakaa. Hakuwa na utani tena. "Suzana alitolewa ng'ombe mchana, watu wakishangilia," akasema. "Akapewa nyumba. Akapata wewe. Akapewa na hili kaburi, na jina lake limeandikwa kwa herufi za vitabu. Niambie, hapo amepungukiwa nini? Kaburi si kitanda, mwanangu. Hakuna atakayemsukuma mwenzake."

Nilikaa kule kwake siku kadhaa, nikimchotea maji, akininyima neno jingine lolote juu ya jambo hili, kwa makusudi. Siku ya kuondoka nilirudi kaburini. Baba, mimi niliiona ile nafasi siku zote kuwa yako tu. Safari hii niliitazama kama mtu anayepima shamba. Upande wa kushoto wa Mama ni wewe. Ukishakuwa hapo wewe, kushoto kwako ardhi inaendelea hadi kwenye mihogo ya Shangazi. Hakuna ua. Hakuna aliyepanda minyaa pale isipokuwa mimi.

Bado nina wivu. Sitakuambia umekwisha. Lakini nimefikiri juu ya mwanamke aliyetamka neno lile mbele ya kaka zake, wakamcheka, akaendelea kutafsiri hadi mwisho wa mahubiri. Mama angemkaribisha ndani, kisha angemcheka na wewe pamoja.

Nenda Homa Bay. Mahali papo. Nimeliandika kwa l, nimelisoma tena kabla ya kufunga bahasha.

Muganyizi na watoto wanakuamkia. Ndevu zinyoe vizuri, hasa kidevuni, huwa unasahau.

Binti yako,
Dorcas


Pasiansi, Mwanza
6 Machi 1994

Binti yangu Dorcas,

Salamu zangu kwenu nyote, na safari hii si zangu peke yangu. Kuna mtu pembeni ya meza hii anayesema niwaandikie kwamba anawasalimu sana, na kwamba Noela amtumie kipimo cha mguu wake, anataka kumfumia soksi. Nimemwambia Kamachumu si baridi kiasi hicho. Hajaniamini.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Ile nyingine niliyokuwa nimeiweka mezani niliitia jikoni, ikawashia moto wa chai.

Tulikwenda watatu: mimi, Shimba, na Ngosha, mtoto mkubwa wa shangazi yako. Ng'ombe wa Kisesa tuliwauza mnadani tukanunua wengine ng'ambo ya pili, maana, kama alivyosema Shimba, ng'ombe hana hati ya kuvukia. Kaka zake Turfosa walitupokea kwa heshima kubwa. Yule mkubwa, wa utani, alikuwa amevaa koti, hakutania kabisa. Aliwazunguka wanyama, akawatazama, akarudi kukaa.

Mkalimani safari hii alikuwa mwalimu mmoja wa shule yao, kwa kuwa haikufaa Turfosa kuwapo. Yeye alikuwa ndani jikoni na akina mama, mlango umerudishwa nusu.

Ikafika zamu yangu kusimama na kutaja tulichokuja kukifanya. Neno ni moja tu, binti yangu, nawe unalijua. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima, Ngosha akinisahihisha. Nilipofungua kinywa nikaliona linakuja, nikajiandaa kukaza ulimi. Kisha sikukaza. Niliuacha uende ulikozaliwa.

Nikasema: "Wazee wangu, nimemletea dada yenu mahali."

Yule mwalimu akasita. Akanitazama, akawatazama ng'ombe, na nikaona kwamba ni kijana mwema, anataka kunivusha. Hakuna aliyecheka. Kaka mkubwa alikuwa amenielewa tayari, aliinamisha kichwa.

Sauti ikatoka jikoni, nyuma ya mlango, kwa Kiswahili, ili nami niisikie:

"Mwalimu, usimsahihishe. Tafsiri kama alivyosema."

Baba yako,
Nathaniel Machibya